Nyotamkia si kimondo: msamiati wa kupiga picha nyota yenye mkia kwa lenzi za kawaida

Maelekezo ya kupiga picha za anga yanapotafsiriwa kwa Kiswahili, mara nyingi huharibika katika sentensi ya kwanza. Matini ya asili inazungumzia gimba la barafu na vumbi linaloonekana usiku baada ya usiku. Mfasiri anaandika "kimondo". Msomaji anatoka nje akitazamia mmweko wa sekunde moja, hauoni, na anarejea ndani. Nyotamkia angavu, inayoonekana kwa macho bila kifaa, haitokei kila mwaka, na siku zake nzuri huwa chache. Neno lililokosewa linaweza kumfanya msomaji aikose kabisa.

Makala hii inaeleza maneno ambayo mfasiri, mwalimu au mwanafunzi anayahitaji ili aandike kwa usahihi juu ya kupiga picha nyotamkia kwa kamera na lenzi ambazo watu wa kawaida wanazo. Kila neno linaelezwa pamoja na kitu chenyewe, kwa kuwa katika mada hii makosa mengi ya lugha hutokana na kutokijua kitu.

Kimondo, nyotamkia, kometi

Kimondo ni mwale wa mwanga unaotokea pale punje au kipande cha mwamba kutoka angani kinapoingia katika angahewa ya Dunia kwa kasi kubwa. Huonekana kwa sekunde moja au mbili, kisha hupotea. Neno hilohilo hutumika pia kwa jiwe lililobaki baada ya kuanguka. Kimondo cha Mbozi, kilichopo katika Mkoa wa Songwe nchini Tanzania, ni bonge la chuma lenye urefu wa takriban mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Kwa maana zote mbili, kimondo ni kitu kilichofika kwetu.

Nyotamkia haifiki kwetu. Ni gimba linalolizunguka Jua katika njia iliyorefuka sana, na hata linapokuwa angavu huwa mbali nasi kwa mamilioni mengi ya kilomita. Hyakutake, mojawapo ya zile zilizopita karibu zaidi na Dunia katika karne ya 20, mnamo Machi 1996 ilikuwa umbali wa kilomita milioni 15 hivi. Kwa sababu ya umbali huo, nyotamkia haionekani ikikimbia. Mtazamaji huiona imetulia kati ya nyota, ikichomoza na kutua pamoja nazo, na kesho yake huikuta imesogea kidogo tu.

Mkanganyiko wa maneno haya mawili una sababu ya kweli. Vumbi linaloachwa na nyotamkia njiani ndilo linaloleta mvua za vimondo. Dunia inapokatiza vumbi la nyotamkia ya Halley, kwa mfano, vimondo vingi huonekana mwezi Mei na tena mwezi Oktoba. Uhusiano upo, lakini uhusiano si usawa: majivu hutoka motoni, wala hakuna anayeyaita moto.

"Kometi" ni neno mkopo lenye asili ya Kigiriki, ambako lilikuwa na maana ya "mwenye nywele ndefu". Kiswahili kiliona mkia pale Wagiriki walipoona nywele. Kiarabu nacho kiliona mkia, kwani *mudhannab* ni "chenye mkia". Wachina waliona ufagio. "Nyotamkia" na "kometi" zote zinakubalika. Katika matini ya kitaalamu inafaa kuchagua moja na kuishikilia hadi mwisho. "Nyota yenye mkia" hufaa zaidi katika simulizi na katika kumweleza msomaji neno kwa mara ya kwanza.

Upatanisho wa kisarufi

Nyotamkia ni nomino ambatani, na upatanisho wake hufuata neno la kwanza, nyota, katika ngeli ya I-ZI: *nyotamkia hii inaonekana, nyotamkia hizi zinaonekana*. Umbo la wingi halibadiliki. "Nyotamikia" si sahihi, kwa kuwa kinachoongezeka ni idadi ya nyota wala si ya mikia. Kometi nayo hufuata I-ZI. Kimondo ni KI-VI: *kimondo kilianguka, vimondo vilianguka*.

Vitenzi navyo hutofautiana. Kimondo hupita, hukatiza, huanguka. Nyotamkia huonekana, huchomoza, hutua, hukaribia Jua, huliacha Jua. Sentensi kama "nyotamkia ilianguka jana usiku" inaonyesha kwamba mwandishi alikuwa na kimondo akilini.

Kuhusu kitendo chenyewe, Kiswahili kina *kupiga picha*. "Kuchukua picha" husikika sana siku hizi, lakini huweza kueleweka kuwa ni kubeba picha iliyokwisha kuwapo. Katika maelekezo, *kupiga* haina utata. Mtu husema *kumpiga mtoto picha* au *kupiga picha ya mtoto*. Vivyo hivyo *kuipiga nyotamkia picha* na *kupiga picha ya nyotamkia*.

Kiini, kichwa, mkia

Sehemu za nyotamkia ni tatu. *Kiini* ni gimba gumu la barafu, vumbi na mwamba, ambalo kwa kawaida lina upana wa kilomita chache, na ambalo hakuna lenzi ya kawaida inayoweza kulionyesha. *Kichwa* ni wingu la gesi na vumbi linalokizunguka kiini. Ndilo nukta angavu yenye ukungu inayoonekana pichani. Wapo wanaoliita wingu hilo "koma", lakini neno hilo tayari lina kazi nyingine: alama ya uandishi, kitenzi cha kufikia mwisho, na kupoteza fahamu kwa mgonjwa. "Kichwa" linatosha na linaoana vyema na "mkia".

*Mkia* ndio unaohitaji uangalifu. Katika lugha ya kila siku, mkia hufuata nyuma ya mnyama anayetembea. Mkia wa nyotamkia haufuati mwendo. Huelekea upande ulio kinyume na Jua. Nyotamkia inapoliacha Jua, mkia wake hutangulia. Kwa hiyo tafsiri kama "mkia unaoachwa nyuma na nyotamkia" hupotosha. Andika: *mkia unaoelekea mbali na Jua*.

Mara nyingi mikia huwa miwili. Mkia wa gesi ni mwembamba, umenyooka na una rangi ya samawati. Mkia wa vumbi ni mpana, umepinda na una weupe wa manjano, kwa sababu unaakisi mwanga wa Jua. Kamera huutambua mkia wa gesi vizuri kuliko jicho, na hapo ndipo penye faida ya kupiga picha: picha ya sekunde chache huonyesha ambacho mtazamaji aliyesimama palepale hakukiona.

"Lenzi ya kawaida" ni ipi?

Kifungu hiki kina mtego. Huweza kumaanisha lenzi yoyote ya kamera, tofauti na darubini. Huweza pia kumaanisha lenzi moja mahususi, ile ya milimita 50 au karibu na hapo, ambayo wapiga picha huichukulia kuwa ya katikati: si pana wala si ya kuvuta mbali. Ili kuepuka utata, maana ya pili iitwe *lenzi ya wastani*, na "lenzi za kawaida" ibaki kwa maana ya kwanza, kama ilivyo katika makala hii. "Darubini" nayo, neno la asili ya Kiajemi lenye maana ya "kionambali", litofautishwe na "hadubini", ambayo ni ya kutazamia vitu vidogo sana.

Historia inaonyesha kwamba lenzi za kawaida hazikuwa kifaa cha wasio na uwezo. Tarehe 27 Septemba 1858, mpiga picha wa Kiingereza William Usherwood, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga picha za watu, aliipiga picha nyotamkia ya Donati kwa lenzi yake ya kazi, kwa sekunde 7. Usiku uliofuata, George Bond wa Chuo cha Harvard nchini Marekani alitumia darubini kubwa na muda mrefu zaidi, akapata sehemu angavu ya kichwa tu. Lenzi ya Usherwood ilikuwa na tundu pana kwa kulinganisha na urefu wake wa fokasi. Darubini haikuwa hivyo. Kwa kitu kilichotawanyika kama mkia, uwiano huo hushinda ukubwa wa chombo.

Mwaka 1882, katika Rasi ya Tumaini Jema, David Gill alishirikiana na mpiga picha wa mtaani kufunga kamera yenye lenzi ya picha za watu juu ya darubini iliyokuwa ikifuata mzunguko wa anga. Picha za nyotamkia kuu ya mwaka huo zilitoka zikiwa zimejaa nyota nyuma ya mkia. Wingi wa nyota hizo ulimshawishi Gill kwamba anga lote la kusini lingeweza kuorodheshwa kwa picha. Kazi aliyoifanya baadaye pamoja na Jacobus Kapteyn wa Uholanzi ilizaa orodha ya nyota zaidi ya 450,000.

Urefu wa fokasi na upana wa uoni

*Urefu wa fokasi* hupimwa kwa milimita. Si urefu wa mwili wa lenzi, ingawa mara nyingi viwili hivi hukua pamoja. Kadiri urefu wa fokasi unavyoongezeka, ndivyo kipande cha anga kinachoingia pichani kinavyopungua. Kwa kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, vipimo kwa nyuzi ni hivi:

- milimita 24: takriban nyuzi 74 kwa 53
- milimita 50: takriban nyuzi 40 kwa 27
- milimita 85: takriban nyuzi 24 kwa 16
- milimita 135: takriban nyuzi 15 kwa 10
- milimita 200: takriban nyuzi 10 kwa 7

Ngumi iliyonyooshwa mbele hufunika takriban nyuzi 10 za anga, na kidole cha mwisho takriban nyuzi 1. Kipimo hiki cha mkono kinamwezesha mtu yeyote kuchagua lenzi bila hesabu: mkia wenye urefu wa ngumi moja unatoshea vizuri katika lenzi ya milimita 85, wenye ngumi mbili unahitaji ya milimita 50, hasa ikiwa mpiga picha anataka mnazi, mlima au paa la msikiti uonekane chini yake.

Neno *kihisi* limetumiwa hapa kwa makusudi. "Sensa" ni kuhesabu watu. Kuiita sehemu ya kamera kwa jina hilo ni kuleta kicheko pasipohitajika.

Tundu, muda, ISO

Picha ya usiku hutegemea mambo matatu, na kila moja lina hatari yake ya lugha.

*Tundu la lenzi* ni nafasi inayopitisha mwanga. Ukubwa wake huandikwa kwa uwiano: f/2.8, f/5.6, f/8. Namba ndogo ni tundu kubwa. Tundu la f/2.8 hupitisha mwanga mara nne ya f/5.6. Kwa sababu hiyo, agizo kama "ongeza f" halieleweki: je, namba iongezwe au tundu lipanuliwe? Andika *panua tundu* au *bana tundu*, kisha utaje namba.

Utata wa namna hii umo pia katika kipimo cha mwangaza wa magimba ya angani, ambapo namba ndogo huashiria mwangaza mkubwa, na vilivyo angavu kupindukia hupewa namba hasi. Mfasiri aepuke kukiita kipimo hicho "ukubwa", kwa maana msomaji atadhani kinahusu umbo. *Kiwango cha mwangaza* ni bora. Ikumbukwe pia kwamba mwangaza wa nyotamkia umetawanyika. Nyotamkia na nyota zenye kiwango kimoja hazionekani sawa. Nyota, iliyo nukta moja, hukolea zaidi.

*Muda wa kufunuka* ni muda ambao shata huachwa wazi ili mwanga ukifikie kihisi. Hapa kikomo huwekwa na mzunguko wa Dunia. Anga huonekana likizunguka nyuzi 15 kila saa, na kamera iliyotulia kwenye stendi huzigeuza nyota kuwa vistari endapo muda ukizidi. Kanuni rahisi ni kugawanya 500 kwa urefu wa fokasi: lenzi ya milimita 50 hupewa sekunde 10, ya milimita 24 takriban sekunde 20, ya milimita 200 sekunde 2.5. Kwa kamera zenye kihisi kidogo, urefu wa fokasi huzidishwa kwanza kwa 1.5 au zaidi, kulingana na kihisi. Wanaotaka nyota ziwe nukta kamili hutumia 300 badala ya 500.

*ISO* ni mpangilio wa kukuza ishara inayotoka kwenye kihisi. Kuipandisha hakuongezi mwanga ulioingia. Huifanya picha iwe angavu zaidi, na chembechembe zake zionekane wazi zaidi. Kuanzia 800 hadi 3200 ni eneo la kawaida la kufanyia majaribio. Pale muda wa kufunuka unapozuiwa na mzunguko wa Dunia, njia nyingine ni kupiga picha nyingi fupi kisha kuzipandanisha katika kompyuta. Kitenzi *kupandanisha*, yaani kuweka moja juu ya nyingine, kinafaa kuliko "kuunganisha", ambacho humfanya msomaji afikirie picha zilizopangwa kando kwa kando.

Kuweka fokasi

Fokasi ya kujiendesha hushindwa mara nyingi gizani. Maelekezo mengi husema lenzi iwekwe "kwenye alama ya mbali kabisa", lakini lenzi nyingi huzunguka kupita alama hiyo. Njia ya uhakika ni kuzima fokasi ya kujiendesha, kuelekeza kamera kwenye nyota angavu au sayari kama Zuhura au Mshtarii, kuikuza kwenye kioo cha kamera, na kuzungusha pete ya lenzi hadi nukta iwe ndogo kabisa. Baada ya hapo pete isiguswe. Shata nayo ifunguliwe kwa kipima muda cha sekunde 2 au zaidi, ili mtikisiko wa kidole uwe umetulia.

Saa, upande na usalama

Nyotamkia huwa angavu inapokuwa karibu na Jua, na kwa hiyo huonekana chini karibu na upeo wa macho, ama kabla ya mapambazuko ama baada ya machweo. Nyotamkia ya Tsuchinshan-ATLAS, iliyofika karibu zaidi na Jua tarehe 27 Septemba 2024, ilionekana kwanza alfajiri upande wa mashariki. Kufikia katikati ya Oktoba ilikuwa imehamia magharibi, jioni.

Mfasiri akumbuke hesabu ya saa. Saa 5 ya asubuhi ya Kizungu ni *saa kumi na moja alfajiri*. Akiandika "saa tano asubuhi", msomaji atatoka nje Jua likiwa karibu na utosi.

Tofauti ya mahali nayo haitafsiriki kwa maneno peke yake. Katika nchi za kaskazini, mwanga wa jioni huchelewa kufifia. Karibu na ikweta, Jua hushuka wima na giza kamili huingia katika muda wa saa moja na robo hivi. Agizo la "kusubiri saa mbili baada ya machweo", lililoandikwa kwa ajili ya msomaji wa Uingereza, linaweza kumfanya msomaji wa Tanga au Kisumu aikute nyotamkia imekwisha kutua. Hapa tafsiri aminifu ni ile inayorekebisha.

Tahadhari moja isiachwe katika tafsiri yoyote: nyotamkia iliyo karibu na Jua isitafutwe kwa darubini wala kwa tundu la kutazamia la kamera Jua likiwa bado juu. Mnamo Januari 2007 nyotamkia ya McNaught ilionekana hata mchana, na katika hali kama hiyo kukosea upande kidogo kunaweza kuumiza jicho daima.

Mfano wa matini kamili

Aya ifuatayo inatumia msamiati uliofafanuliwa, na inaweza kutumika darasani kama kielelezo:

*Chagua mahali palipo wazi upande wa magharibi, mbali na taa. Fika kabla ya machweo. Funga kamera kwenye stendi na utumie lenzi ya wastani ya milimita 50. Zima fokasi ya kujiendesha, kisha weka fokasi kwa kutumia nyota angavu. Panua tundu hadi f/2.8, weka ISO 1600, na muda wa kufunuka uwe sekunde 4. Jua likishatua na anga kuanza kuwa jeusi, piga picha ya kwanza na uikuze kwenye kioo. Ikiwa anga limeng'aa mno, punguza muda. Ikiwa mkia umefifia, ongeza muda bila kuzidi sekunde 10. Endelea kupiga hadi nyotamkia itue. Asiye na kamera kubwa aegemeze simu yake kwenye jiwe au ukuta, achague mpangilio wa usiku, na asiishike wakati picha inapigwa.*

Aya hiyo haina neno ambalo mwanafunzi wa sekondari hatalielewa baada ya kufafanuliwa mara moja. Kipimo cha tafsiri ya maelekezo ni iwapo msomaji aliyeifuata, bila kuona matini ya asili, atarudi nyumbani na picha ya nyotamkia yenye kichwa na mkia.